Ukocha wa timu ya chuo cha miaka 2: nianzie wapi?

Swali: Asalaam aleikum. Chuo kimoja hapa Chake Chake kinatafuta kocha wa timu ya soka ya wanaume. Kozi ni za miaka 2, kwa hiyo kila mwaka karibu nusu ya kikosi inamaliza. Leseni ya ukocha niliyonayo ni D ya CAF (Shirikisho la Soka Afrika). Nijipange vipi?

Jibu 1: Waaleikum salaam, sheikh. Ngazi za leseni za CAF ni D, C, B, A, kisha Pro, huruki ngazi. Timu za namna hii huvunjika kwa kosa moja: kocha anawapanga wa mwaka wa mwisho watupu, wakiondoka hana kipa wala beki wa kati. Kila nafasi iwe na watu 2, mmoja wa mwaka wa kwanza, na huyo umpe dakika za mechi, si benchi tu.

Jibu 2: Mazoezi dakika 75 zatosha: 15 kupasha mwili, 20 wanne kumiliki mpira dhidi ya wawili ndani ya mita 10 kwa 10, 30 mchezo wa saba kwa saba, 10 kunyoosha misuli. Kwenye mchanga punguza mbio, misuli ya vigimbi hukaza upesi. Ramadhani fanyeni baada ya tarawehe, mwendo mwepesi.

Jibu 3: Marekani vyuo vingi vya miaka 2 vina ligi zao chini ya NJCAA, chama cha michezo cha vyuo hivyo, na wachezaji wengi huhamia vyuo vya miaka 4. Kwa hiyo kocha wa huko hushughulikia pia alama za darasani na video za mechi. Nawe anza hivyo, ndugu yangu: weka faili la kila kijana.