Naomba ushauri: kabati la droo la Kifaransa lenye mhuri wa Riesener

Mama Zuhura:
Ndugu wanajukwaa, salaam. Mimi ni Mtanzania niliyeolewa Ufaransa. Mama mkwe wangu amefariki, na miongoni mwa vitu alivyowaachia mume wangu na dada yake limo kabati fupi la droo, lile ambalo Wafaransa huliita commode, lililopambwa kwa vinia ya maua (vipande vyembamba vya mbao vilivyobandikwa juu), vishikio vya shaba ya rangi ya dhahabu na jiwe la marumaru juu. Tulipoliinua jiwe tulikuta mhuri uliogongwa kwenye ncha ya nguzo ya mbele: J.H.RIESENER. Mfanyabiashara mmoja wa vitu vya kale ametaka kulinunua papo hapo kwa fedha taslimu, akidai ni nakala tu, na wifi yangu anaona tukubali. Mume wake naye anashauri tulipige msasa na vanishi kwanza ili lipande bei. Tufanyeje?

Fundi Randa:
Pole kwa msiba, dada. Msasa usilikaribie kabisa, maana utafuta ushahidi wa umri wake. Vinia ya karne ya 18 ilipasuliwa kwa msumeno wa mkono, kwa hiyo huwa nene, kama milimita moja au zaidi, na haina unene sawa kila mahali. Ile ya mashine za baadaye ni nyembamba na imelingana. Tazama palipobanduka pembeni utaona tofauti. Kisha chomoa droo uzigeuze: mbao za ndani, ambazo kwa kazi nzuri za Paris mara nyingi ni za mwaloni, ziwe na alama za randa, na kingo za chini ziwe zimelika kwa kuburuzwa miaka mingi. Uchafu wa humo ndani uacheni, maana ni sehemu ya ushahidi.

Msomaji wa Paris:
Riesener alikuwa fundi wa samani. Alizaliwa Gladbeck, Ujerumani, mwaka 1734, akafanya kazi Paris katika karakana ya fundi mwenzake Jean-François Oeben. Oeben alipofariki mwaka 1763 Riesener aliishika karakana, baadaye akamwoa mjane wake, na mwaka 1768 akapokelewa kuwa fundi mkuu. Kuanzia mwaka 1774, kwa takribani miaka kumi, aliihudumia sana nyumba ya kifalme ya Louis XVI. Jina kubwa namna hiyo ndilo wanaoghushi hulipenda, kwa hiyo mhuri peke yake hautoshi. Tafuta kando yake herufi JME, zilizogongwa na wakaguzi wa chama cha mafundi, kilichovunjwa mwaka 1791, ingawa hata hizo huigizwa. Zaidi ya hayo, fundi aliyekarabati kabati la mwenzake naye aliweza kuligonga mhuri wake.

Fundi Randa:
Nyongeza kuhusu shaba: ukiona herufi C yenye taji, hiyo ni alama ya kodi iliyotozwa kati ya mwaka 1745 na 1749. Riesener alikuwa hajawa fundi mkuu, hivyo alama hiyo ikionekana, ama shaba imetoka kwenye kabati jingine ama kuna udanganyifu.

Kaka wa Mombasa:
Mimi si fundi, lakini nauliza: mtu anayeamini kuwa kitu ni nakala, mbona ana haraka hivyo ya kulipa? Tena nakala nazo zina bei. Mafundi kama Henry Dasson na François Linke walijijengea jina kwa kunakili samani za kifalme.

Msomaji wa Paris:
Nakubaliana nawe. Anayelithamini asiwe ndiye anayelinunua. Mpelekeeni picha dalali wa mnada mwenye mtaalamu wa samani za karne ya 18: mhuri kwa karibu, mgongo wa kabati, chini ya droo, nyuma ya vishikio, na upande wa chini wa marumaru, ambao kwa jiwe la zamani mara nyingi huachwa na makwaruzo ya patasi. Mgongoni angalieni pia namba za wino au rangi, kwani samani za ikulu ziliandikwa kwenye daftari za mfalme. Na kwa kawaida mali ya urithi ambayo haijagawanywa haiuzwi bila warithi wote kuridhia, hivyo notari, yaani mwanasheria anayeshughulikia mirathi, aarifiwe kabla ya fedha yoyote kupokelewa.

Mama Zuhura:
Ahsanteni sana. Herufi JME zipo, ila zimefifia, na mgongoni kuna karatasi iliyochanika yenye namba. Je, tuibandue ili tusome kilicho chini yake?

Fundi Randa:
Hapana, dada. Ipigeni picha kwa mwanga wa ubavuni, kisha iacheni hapo hapo mpaka mtaalamu aione.