Wasomaji wanataka nibadili mwisho wa riwaya yangu ya mapenzi: niwatii?

Mwandishi wa Chumbageni

Ndugu waandishi na wasomaji, hamjambo. Naomba ushauri wenu kuhusu jambo linaloninyima usingizi kwa wiki ya pili sasa.

Ninaandika riwaya za mapenzi hapa Tanga. Mchana nina duka dogo la vifaa vya shule, usiku ninaandika, na simulizi zangu ninazituma sehemu kwa sehemu katika kundi la WhatsApp ambalo kila msomaji hulipa shilingi 3,000 kwa simulizi nzima. Hii ya sasa imefika sehemu ya 38. Inamhusu Mwanaidi, muuza khanga wa Ngamiani, ambaye mumewe aliondoka kwenda kutafuta maisha, akakaa miaka sita bila barua wala simu, kisha akarudi wakati ndoa imekwisha kuvunjwa kwa kadhi na Mwanaidi amechumbiwa na mwalimu wa shule ya msingi. Tangu sehemu ya kwanza nilikusudia aolewe na huyo mwalimu. Nilipodokeza hivyo, kundi zima lilikuja juu. Ujumbe ulimiminika usiku kucha ukitaka mume arudishiwe mkewe, na baadhi ya wasomaji wakaapa kuwa hawatalipia tena kazi yangu.

Waandishi wenzangu nao wamenichanganya zaidi. Mmoja ameniambia kwamba mteja ni mfalme, hivyo niwape wanachotaka. Mwingine, ambaye ninamheshimu sana, amesema hayo ndiyo malipo ya kuandika mapenzi, na kwamba ningeandika riwaya ya maana nisingesumbuliwa na mtu. Neno hilo limeniuma kuliko hasira za wasomaji wote.

Mswada unatakiwa kwa mchapaji mwisho wa mwezi, nakala 500, kwa fedha za akiba yangu mwenyewe. Je, niubadili mwisho au niuache?

Mzee wa Taipureta

Mwanangu, pole kwa mashaka hayo, ambayo nami yamewahi kunipata.

Nilianza kuandika hadithi za kuendelea katika majarida mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati karatasi zilipokuwa adimu kiasi kwamba msomaji angeweza kungoja miezi mitatu kabla ya kujua kilichompata mhusika wake. Hakukuwa na simu za mkononi, lakini barua zilikuja kwa posta, na shinikizo lake lilikuwa kama hilo lako. Katika hadithi yangu moja nilimwandika mke aliyeuza cherehani aliyoachiwa na marehemu mama yake, ili amkomboe mumewe katika deni la kamari. Nilikusudia waachane. Barua zilipozidi, mhariri wangu akanibana, nami nikawapatanisha kwa kurasa mbili tu: machozi, msamaha, na basi la kwenda kijijini kwa wazazi. Jarida liliuzwa vizuri, na mimi nikajiona nimefaulu.

Mwaka uliofuata nilikuwa sokoni Morogoro nikinunua nyanya. Mtu niliyekuwa naye alimwambia mama muuzaji kuwa mimi ndiye niliyeandika hadithi ile. Mama yule aliweka kopo lake la kupimia chini, akanitazama, akauliza, "Na cherehani yake je?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Wale wawili wangeweza kupatana, mwanangu, lakini si kabla mume hajafungua kinywa kuizungumzia ile cherehani. Kwa hiyo, kabla hujaamua Mwanaidi aolewe na nani, rudi sehemu ya kwanza, usome polepole mpaka ya 38, uangalie umeacha deni gani njiani.

Na huyo aliyekutaka uandike riwaya ya maana, mkumbushe Yasmin na Denge katika Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999. Riwaya hiyo inaeleza harakati za kudai uhuru wa Zanzibar, na mapenzi ya wawili hao ndiyo yanayotuingiza ndani yake.

Msomaji wa Zamu ya Usiku

Dada yangu, mimi ni mmoja wa waliokuandikia kwa hasira usiku ule, na ninakuomba radhi kwa maneno yangu makali. Nimesoma aliyoandika Mzee, nikajiuliza kwa nini niliumia kiasi kile.

Mume wangu anafanya kazi Muscat, na huu ni mwaka wa tatu. Yeye hupiga simu kila Ijumaa, kwa hiyo si kama mume wa Mwanaidi, lakini unaweza kufahamu kwa nini simulizi hii imenishika. Sehemu ya 31 niliisoma kazini saa tisa usiku. Mume amesimama mlangoni na begi lake limefungwa kwa kamba, Mwanaidi anakunja khanga ya mteja, wanatazamana, halafu ukaandika kwamba alifunga mlango. Sehemu ikaishia hapo. Tulipoamkia sehemu ya 32 tulikuwa kwa mwalimu, na tangu siku hiyo yule mwanamume hajasema hata sentensi moja. Nilidai arudiwe na mkewe, lakini nadhani kiu yangu ilikuwa kumsikia. Miaka sita alikuwa wapi? Mwanaidi ana haki ya kujua hata kama hamtaki tena.

Mhariri wa Miswada

Msomaji hapo juu amekufanyia kazi ambayo wahariri hulipwa kwayo.

Tatizo lako ni la siku nyingi. Mwandishi Samuel Richardson alipokuwa akitoa riwaya yake Clarissa kwa mafungu huko Uingereza, mwaka 1747 na 1748, wasomaji walimsihi amnusuru mhusika wake mkuu, Clarissa, na msomaji mmoja, Lady Bradshaigh, alimwandikia barua za kumbembeleza akitumia jina la kubuni. Richardson alijibizana naye kwa heshima, lakini Clarissa akafa. Kinyume chake, mwaka 1861 Charles Dickens aliubadili mwisho wa riwaya yake Great Expectations, uliokuwa ukiwatenganisha moja kwa moja Pip na Estella, msichana anayempenda, kwa ushauri wa mwandishi mwenzake, Edward Bulwer-Lytton, aliyeusoma kabla haujatoka. Mwisho wa kwanza ulikuja kujulikana baada ya Dickens kufariki, na wapo wanaouona kuwa bora.

Nakushauri usiwapigishe kura watu wa kundi, kwa sababu wao wamesoma vipande vya jioni moja moja, na kitabu ni kitu kingine. Wape watu watatu mswada mzima, wausome kwa mfululizo, uwaulize walichoka wapi na walihisi wameruka shimo wapi. Usiwaulize nani amuoe nani. Msomaji wa mapenzi hukupa fedha yake akitegemea kwamba mwishoni ataona tumaini, na ndoa ya Mwanaidi na mwalimu haijavunja ahadi hiyo.

Mwandishi wa Chumbageni

Shikamoo Mzee, na asanteni nyote. Nimekaa siku nne na sehemu ya 31. Mlango haufungwi tena. Mwanaidi anamletea mumewe maji barazani, na mume anapozungumza sikumpa kisingizio kikubwa: hakufungwa jela, hakupotewa na kumbukumbu. Aliona haya kurudi mikono mitupu, na kila mwaka uliopita haya ikaongezeka. Mwanaidi anamsikiliza mpaka mwisho, na bado anaolewa na mwalimu.

Dada wa Zamu ya Usiku, ukiridhia, ningependa uisome wewe kwanza kabla ya kundi. Na Mzee, nilirudi mwanzo kama ulivyoniagiza. Katika sehemu ya 9 nimekuta bangili ya dhahabu ambayo Mwanaidi aliiweka rehani ili mumewe apate nauli, nami niliisahau kabisa. Sasa, mume anapoketi pale barazani, ndiyo kitu cha kwanza anachokitoa mfukoni.