Je, Black Panther ilimjenga shujaa wake au ilimvika tu?

Mkazi wa Sakina, Arusha
Ndugu zangu, nimeitazama tena Black Panther ya mwaka 2018, safari hii pamoja na wanangu, na nimebaki na swali. Filamu ya chimbuko la shujaa kwa kawaida humwonyesha mtu wa kawaida akipata nguvu. Hii haikufuata njia hiyo, kwa kuwa T'Challa, shujaa wake, tulikwisha kumwona mwaka 2016 katika Captain America: Civil War akiwa na vazi lake na kucha zake, na baba yake alikwisha kuuawa. Mwongozaji Ryan Coogler alisimulia chimbuko la mfalme, wala si la nguvu, na hapo ndipo ninapouona ubora wake: kabla ya kutawazwa, kijana hunyweshwa dawa ya kumwondolea nguvu ili apigane pale kwenye maporomoko kama mtu yeyote. Udhaifu ni pambano la mwisho mgodini, ambapo wapiganaji wawili wanaonekana kama vibonzo visivyo na uzito. Mavazi sitayajadili, kwani zile shanga na ile nyekundu ya Kimaasai waliyovikwa askari wanawake ni mapambo tu. Mnasemaje?

Binti wa Monduli
Kaka wa Sakina, hilo la "mapambo tu" siwezi kulipita. Mama yangu alitunga shanga nikiwa bado mgongoni mwake, na ada yangu ya sekondari ilitokana na mikufu aliyowauzia watalii mjini Arusha. Kwetu shanga humtambulisha aliyezivaa, kama ni msichana au ni mama aliyeolewa. Nyekundu nayo ni rangi ya morani, na aliyeamua kuwavika wanawake rangi hiyo alikuwa anatuambia wao ni nani kabla hawajainua mkuki. Ruth E. Carter alipewa Oscar kwa mavazi hayo. Mapambo hayapewi heshima hiyo.

Mwalimu mstaafu, Pasua, Moshi
Binti yangu, kazi ya mama yako naiheshimu. Lakini ukizitazama shanga, tazama na mengine: blanketi za Basotho, udongo mwekundu wa Wahimba, kofia ya Kizulu kichwani mwa malkia, na lugha yao, kama sikosei, ni Kizulu hichohicho. Wakanda, nchi ya kubuni ya T'Challa iliyojificha isijulikane na ulimwengu, ilivipata wapi vitu vya watu wote hao? Hiyo ni kachumbari. Zaidi ya hayo, kuhani wao anaitwa Zuri! Nilifundisha Kiswahili hadi nilipostaafu, nami nasema kuwa kivumishi hicho kinadai nomino: jambo zuri, shamba zuri. Mtu haitwi Zuri.

Kijana wa Soweto, Moshi
Shikamoo Mwalimu. Lugha ile ni Kixhosa. Ilianza kusikika katika filamu ile ya 2016, kwa sababu John Kani, mwigizaji wa Afrika Kusini aliyeigiza kama mfalme T'Chaka, baba wa T'Challa, ni mzungumzaji wake, naye ndiye aliyependekeza baba na mwana wazungumze kwa Kixhosa. Kwa hiyo lugha ilitoka kinywani mwa mwenyewe, haikuokotwa. Hilo la kachumbari limeniumiza, maana tumezoea kudharau chetu kikipikwa na wengine.

Mwalimu mstaafu, Pasua, Moshi
Marahaba. Kuhusu Kixhosa nimekosea, nakubali. Kuhusu dharau sikubali hata kidogo, kwani anayedai chakula kipikwe vizuri hajakidharau. Na hilo la Zuri hukulijibu.

Binti wa Monduli
Nitalijibu mimi. Mwanangu anaitwa Zuri. Bibi yake ndiye aliyempa jina hilo alipompokea mikononi, na hakusubiri nomino.

Mkazi wa Sakina, Arusha
Dada, neno la "mapambo tu" nalifuta, na nakuomba radhi wewe na mama. Hata hivyo nasikitika kuwa hakuna aliyemtaja Killmonger, yule adui anayepigana na T'Challa. Mtoto yule aliachwa Oakland, Marekani, mwaka 1992, baba yake akiwa ameuawa na ndugu yake mwenyewe wa damu, mfalme T'Chaka. Chimbuko lake ni zito kuliko la T'Challa, na ndiyo sababu pambano la mwisho linaniuma: hasira iliyojengwa kwa uangalifu wote huo ilimaliziwa kwa michoro ya kompyuta.

Mwalimu mstaafu, Pasua, Moshi
Killmonger tutamfikia. Binti yangu, mjukuu wangu Zuri mpe salamu, kwa kuwa jina likishapewa mtoto sarufi hunyamaza. Ninachouliza bado ni kofia. Malkia wa Wakanda anavaaje kofia ya Wazulu?

Binti wa Monduli
Amepokea, Mwalimu, na asante. Kofia ile, isicholo, kwa Wazulu ni ya mwanamke aliyeolewa, na Ramonda ni mjane wa T'Chaka. Filamu nzima anaomboleza mume wake, na alama ya ndoa yake bado iko kichwani. Kwa hilo nasema aliyemvika alijua anachofanya, ingawa bado sijapata jibu kuhusu zile blanketi za Basotho zinazogeuka ngao vitani.