Naomba ushauri: nitumie nini badala ya Flip kwa walimu tarajali?

Wakuu, habari za majukumu. Mimi ni mkufunzi wa walimu tarajali wa shule za msingi hapa Dar. Wakati wa mazoezi ya kufundisha vijana wangu wanatawanyika, huyu Mbagala, yule Kigamboni, na kwa foleni hizi siwezi kufika kote. Tulikuwa tunatumia Flip, programu ya kujibizana kwa video: naweka swali, kila mmoja anajirekodi dakika mbili, wenzake wanamjibu kwa video. Wale wasiofungua mdomo darasani ndio waliofunguka zaidi. Binti mmoja mpole sana alionyesha nusu na robo kwa kukata chapati, wenzake wakambana kwa maswali hadi usiku, naye akayajibu yote!

Julai 2024 Microsoft waliifunga kama programu inayojitegemea, ikabaki tu ndani ya Teams, programu yao ya mikutano na madarasa ya mtandaoni, na chuo chetu hakina akaunti hizo. Tumehamia WhatsApp. Video zinazama katikati ya salamu na michango ya harusi, simu zinajaa, na hujui jibu lipi linamhusu nani.

Aliyetumia Padlet (ubao wa mtandaoni wa kubandika video na maandishi) au VoiceThread (ya kujadiliana kwa sauti na video) na kundi la watu kama arobaini, bando linakwenda vipi? Simu ya bei ya chini inaweza kurekodi mtandao ukisumbua?

Halafu kuna sura za watoto. Kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, sitaki video ya darasa irushwe bila ridhaa ya mzazi. Mwenye fomu ya Kiswahili chepesi, tafadhali anisaidie nakala.