Maji taka ya mwaloni: mafunjo au mashimo mapya?

Mkazi wa Mwalo
Ndugu zangu, kwa wasiotufahamu, tuko kwenye mwalo wa wavuvi kando ya Ziwa George, Uganda, ndani ya hifadhi ya wanyama. Kamati ya mwalo inataka maji ya choo cha umma, bafu na sakafu ya kuoshea samaki yaingie kwenye tangi la kutulizia tope, yapite kitanda cha changarawe kilichopandwa mafunjo, ndipo yarudi ziwani. Wengine wanasema fedha hizo zichimbe vyoo vya shimo. Tuvichimbe wapi? Mara ya mwisho hatukufika hata kimo cha mtu, maji yakachimbuka. Mvua ikinyesha shimo linafurika, na watoto wanateka maji papo hapo chini.

Fundi Bomba
Mafunjo yanafanya kazi. Vijidudu vinavyokula uchafu hukaa kwenye mizizi na mawe, maji yakipita polepole yanasafika, na umeme hauhitajiki. Ila tope la tangi lazima linyonywe. Likiachwa, linaziba changarawe na mradi umekufa. Gari la kunyonya linatoka mjini, kwa fedha. Nani atalipa?

Wa Milimani
Tatizo si bomba. Watu wa ziwani hamjawahi kupenda choo. Mvuvi anajisaidia kutoka mtumbwini, asubuhi anateka maji ya chai palepale. Hata mkijengewa cha vigae mtaweka nyavu ndani.

Mama Ngege
Wewe wa milimani, hilo limeniuma. Nimezaliwa hapa, nakausha samaki hapa. Choo ni shilingi 200 kila ukiingia. Nina watoto wanne. Piga hesabu ya asubuhi na jioni uone kama unga unabaki. Mlango mmoja wa wanawake, haufungi, unaushika kwa mkono huku umechuchumaa. Anayekwenda vichakani hana hela, usiseme hapendi choo. Na Mto Nyamwamba unaoshuka kwenu unatuletea nini?

Wa Milimani
Mama, Nyamwamba usiutaje hivyo. 2013 na tena 2020 ulifurika, ukatubomolea nyumba, tukazika watu. Na sumu ya mgodi wa shaba wa Kilembe hatukuimwaga sisi.

Mama Ngege
Poleni kwa misiba, natoka moyoni. Lakini ulianza wewe kututukana.

Mwalimu Mstaafu
Wanangu, mgodi ule ulichimbwa tangu 1956 hadi miaka ya themanini mwanzoni, na mabaki yake bado yanachuruzika kuja ziwani, kweli. Lakini shaba ni jambo moja na kinyesi ni jingine. Ziwa hili kina chake kwa wastani ni kama mita mbili na nusu tu, kinyesi hakipati maji mengi ya kukizimua.

Kijana wa Kazinga
Na kichocho je? Si kinatokana na mkojo?

Mwalimu Mstaafu
Kipo cha mkojo, mwanangu. Kinachotusumbua sisi ni cha tumbo, na mayai yake yamo kinyesini. Yakifika majini konokono anamalizia kazi, kisha mtoto anaingia kuoga. Nimefundisha darasa lenye watoto waliovimba matumbo, sisahau.

Kijana wa Kazinga
Basi ile 200 ifutwe! Tuanzie hapo.

Fundi Bomba
Ikifutwa, gari la tope litalipwa na nini? Na viboko? Wanapanda kila usiku kula nyasi. Kiboko mmoja akikanyaga kitanda kile, mabomba yamepasuka. Uzio wa mawe unahitaji kibali cha hifadhi. Nimeuliza mara mbili sasa.

Mkazi wa Mwalo
Mtoza ushuru wa choo yumo kwenye kamati. Labda ndiyo maana 200 haizungumzwi.

Kijana wa Kazinga
Kumbe! Daftari la makusanyo liko wapi?

Wa Milimani
Mama Ngege, neno la kutopenda choo nalirudisha. La chai sirudishi, nimeliona kwa macho.

Mama Ngege
Nimelipokea hilo moja. Kesho saa kumi na moja alfajiri nitahesabu foleni mlangoni, nilete idadi hapa. Wewe njoo usimame kwenye foleni hiyo.