Wahindu wa Afrika Mashariki: ibada ipi mmeishika, ipi mmeiacha, ipi mmeigeuza? Tupeane uzoefu

Binti wa Kisutu (mleta mada)

Wanajukwaa, habari zenu. Jambo hili nimekaa nalo muda mrefu, leo nalileta.

Mimi ni Mhindu, Mgujarati, mzaliwa wa Dar. Nimekulia Kisutu, mtaa ambao mahekalu yamekaribiana kiasi kwamba asubuhi kengele moja inajibiwa na nyingine. Mwaka juzi, masika yamepamba moto, Baba alifariki. Kwetu tumezaliwa mabinti watatu, wa kiume hakuna. Na kwa desturi yetu anayewasha moto wa maiti ni mtoto wa kiume. Asipokuwepo anatafutwa mpwa, binamu, hata mkwe. Wanawake wanaagia mlangoni.

Baba alikuwa amelazwa sebuleni, ameshaoshwa, amevishwa nyeupe. Mdomoni ana jani la tulsi, ule mrehani wetu mtakatifu, na tone la maji ya mto Ganga ambayo Mama aliyatunza kwenye kichupa cha shaba miaka yote ya ndoa yao. Pembeni wazee wanajadiliana nani awashe. Mmoja akasema apigiwe binamu yetu Nairobi, tusubiri ndege ya jioni. Mama hakuwa amefungua kinywa tangu usiku. Akasema, "Aliyekuwa anamnywesha uji ni nani? Basi huyohuyo." Akaninyooshea mkono mimi.

Maharaj tuliyemzoea (makuhani wetu ndivyo tunavyowaita) alikataa. Hakufoka. Alisema hakufundishwa hivyo, akavaa viatu, akaondoka. Tukampata mwingine, akanielekeza palepale: unabeba chungu cha maji begani, unamzunguka marehemu, kila mzunguko kinatobolewa tundu, maji yanachuruzika nyuma yako. Mwisho unakiachia kinavunjika, na hugeuki kutazama. Mgongo wangu wote ulilowa. Nikapaka samli, nikapanga vijiti vya msandali, nikawasha.

Wapo ndugu ambao hadi leo hawanisalimii. Nami sijajuta hata siku moja. Ila nataka kusikia kwenu: nyie mmefanyaje? Kuna ibada mliyoirithi mkaiona inawaponyoka, au mliyoigeuza ikapata uhai upya? Na msio Wahindu mnaoishi nasi, karibuni pia, mmeyaona mengi.

Duka la Babu, Tanga

Pole sana, dada yangu. (Nakuita kwa Kiswahili, maana kwa Kigujarati "dada" ni babu mzaa baba, na wa kwangu ndiye ninayetaka kumsema hapa.)

Dada yangu huyo alifungua duka la vifaa vya ujenzi. Kila Diwali, sikukuu yetu ya taa, tulifanya chopda pujan, ibada ya madaftari. Daftari jipya lenye jalada jekundu linafunguliwa ukurasa wa kwanza, juu linaandikwa neno "Shri" mara moja, mstari wa pili mara mbili, wa tatu mara tatu, mpaka linatokea umbo la piramidi. Kulia na kushoto unaandika "Shubh" na "Labh", yaani heri na faida. Juu yake jani la tambuu, popoo, sarafu, ua, unga mwekundu. Tunamwomba Lakshmi wa mali, Ganesh anayefungua njia, na Saraswati wa elimu, kwa sababu hesabu nayo ni elimu. Halafu duka linafungwa hadi siku ya tano ya mwaka mpya, Labh Pancham.

Tatizo lilianza hesabu zilipohamia kwenye kompyuta. Baba yangu hakukubali. Akawa ananunua daftari jekundu kwa ajili ya ibada tu. Likiisha kubarikiwa linatiwa kabatini, mwaka mzima halijaandikwa hata senti. Miaka kadhaa tulikwenda hivyo. Diwali moja akalitoa lile la mwaka uliopita, akalifunua, kurasa zote tupu, akakaa nalo mapajani. Akasema, "Tunabariki kitabu ambacho hakina kazi, na kinachotulisha tumekiacha nje."

Tangu hapo panapandishwa kompyuta mpakato, mashine ya EFD ya risiti za kodi na ile simu ya kupokelea M-Pesa. Kila kimoja kinatiwa alama nyekundu. Nami nimeongeza kitu: nachapa karatasi ya madeni, tunaodai na tunaodaiwa, naiweka chini ya ua. Naona ndipo roho ya ibada ile ilipo. Babu alikuwa hafungui daftari jipya kabla hajawatembelea aliokuwa anadaiwa nao.

Stoo yetu inashikwa na mzee mmoja Mdigo, Mwislamu, zaidi ya miaka 20 tuko naye. Yeye haombi nasi, wala hatujawahi kumwambia aombe. Lakini taa za udongo anazipanga yeye, na mwaka niliopanga mimi alikuja akazihesabu akaniambia zimepungua mbili.

Kijana wa Upanga

Mimi nimeacha, niseme ukweli. Kisanskriti sikijui, anayekisoma anakisoma mbio, na simu yake iko wazi pembeni ana harusi nyingine saa nane. Nilikaa saa tatu kwenye moshi siku ya kuvishwa uzi mtakatifu nisielewe neno.

Nimebakisha moja tu: kumgusa Ba, yaani bibi yangu, miguu kila nikiingia kwake. Hiyo siwezi kuiacha. Na nyie wote hapa mnaosema "shikamoo", si mnajua asili yake inasemwa ni "nashika miguu yako"? Sisi bado tunaishika kwelikweli.

Mwana Parklands

Kijana wa Upanga, nakuelewa, lakini usichome shamba kwa sababu ya nyoka mmoja. Hayo uliyokimbia, wapo Wahindu walioyapinga zamani. Swami Dayananda alianzisha Arya Samaj kule Bombay mwaka 1875 akisema turudi kwenye Veda, maandiko yetu ya kale, tuache sanamu, na mwanamke asome mantra, maneno ya ibada, sawa na mwanamume. Hapa Nairobi Arya Samaj ipo tangu 1903. Kwetu binti kuongoza ibada ya moto si habari mpya. Kwa hiyo, mleta mada, wakikuambia "desturi haijawahi kubadilika", waulize desturi ya nani.

Huo moto tunauita havan. Kijiko kwa kijiko unatia samli, kisha mchanganyiko wa majani na ubani, na kila ukitia unasema maneno ya kumtolea Mungu yanayoishia na "idam na mama". Nikiwa mdogo nilijua ni Kiswahili, kwamba tunamtaja mama. Nilimaliza shule ya msingi ndio baba akanieleza: kwa Kisanskriti maana yake ni "hiki si changu". Samli yako mwenyewe, umeinunua kwa pesa yako, unaimwaga na kusema si yangu. Tangu nilipoelewa maneno hayo matatu sijakosa havan ya Jumapili kirahisi. Mwombe mtu akufasirie, hata mstari mmoja tu. Utaona.

Mkazi wa Ngara

Mimi ni Mkristo, Mkikuyu, nipite haraka. Nilikua nikipita karibu na Kariokor, pale Wahindu wa Nairobi wanapochomea maiti, na ule moshi tulikuwa tunaukimbia tukiambiwa ni wa Wahindi na wafu wao. Mwaka 2011 Profesa Wangari Maathai akafariki, naye akachomwa palepale Kariokor kwa wosia wake. Jeneza lilikuwa la magugu-maji, mafunjo na mianzi, hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake. Nyumbani kwetu mama alinyamaza siku nzima. Jioni akauliza, "Kwani wao husema nini wakiwasha?" Hakuna aliyejua. Tuliishi nao mtaa mmoja maisha yote na hakuna aliyewahi kuwauliza.

Mie wa Hurumzi

Mie ni Muislamu wa Mji Mkongwe. Kwetu kengele ya hekalu la Hurumzi na adhana tumezisikia pamoja tangu udogo, na hatukuona ajabu. Wahindu walikuwa wengi zaidi kabla ya 1964. Waliobaki leo unawajua nyumba kwa nyumba.

Jirani yangu mmoja, bi mkubwa, alikuwa na mmea wa tulsi barazani, kwenye chungu kilichopakwa chokaa. Kila asubuhi akishaoga anaumwagia maji, anauzunguka, midomo inacheza. Alipoanguka akavunjika nyonga, watoto wake wote wako ng'ambo, akamtuma mtu aniite. Nilidhani anataka dawa. Akasema, "Mwanangu, tulsi yangu ina kiu." Nikamwambia bi mkubwa, mie dua yenu siijui wala si yangu. Akanijibu, "Maji ni yako, dua ni yangu. Wewe mwaga, mie nitaomba hapa kitandani."

Nikawa kila nikitoka kusali alfajiri napita. Namwaga kata moja, nagonga dirisha ili ajue nimefika, nasikia anaanza. Tulikwenda hivyo hadi akaamka.

Mjukuu wa Jinja, Leicester

Nimesoma hii ya Hurumzi mara mbili, machozi yamenitoka.

Bibi yangu alitoka Uganda mwaka 1972, katika zile siku 90 ambazo Amin aliwapa Waasia waondoke. Sanamu ya Krishna, ya shaba, ndogo kama kidole, aliifunga ndani ya khanga katikati ya nguo. Hapa Leicester, Uingereza, hekalu la kwanza kwake lilikuwa rafu ya jikoni, juu ya sufuria. (Kigujarati chake kilijaa Kiswahili mpaka mwisho: sufuria, fagio, kisu. Nami Kiswahili nimekipata kwake.) Leo Diwali ya Belgrave Road taa zinawashwa mbele ya maelfu ya watu, hata wasio Wahindu wanakuja na watoto. Nafurahi. Lakini Diwali ninayoikumbuka mimi ni ile ya jikoni, pazia limevutwa.

Kuhusu moto: huku hauuoni. Jeneza linaingia ndani ya ukuta, na mtoto wa marehemu anaambiwa abonyeze kitufe. Baba alipobonyeza cha Bibi aliendelea kukishika, mpaka mhudumu akamtoa kidole polepole. Ndiyo maana naielewa kesi ya mzee Davender Ghai wa Newcastle, aliyepigania haki ya kuchomwa kwa kuni na jua likiwa linaona, na mwaka 2010 mahakama ya rufani ikasema inawezekana ndani ya jengo lililo wazi.

Majivu ya Bibi tuliyagawa. Nusu tulimwaga mto Soar, karibu na Leicester. Nusu niliyapeleka mwenyewe Jinja, kwenye Nile, pale ambapo sehemu ya majivu ya Gandhi ilimwagwa mwaka 1948. Maharaj hakuwepo. Nilisema Gayatri, ile sala niliyofundishwa na Bibi, nikaikosea katikati, nikaanza upya.

Binti wa Kisutu (mleta mada)

Asanteni sana, sikutegemea haya. Mkazi wa Ngara, naomba nimjibu mama yako: tukiwasha tunamwambia jicho lako lirudi kwenye jua na pumzi yako irudi kwenye upepo. Maneno hayo yamo kwenye Rigveda, mojawapo ya zile Veda. Mimi nilielezwa maana kabla sijashika moto, na bila hivyo nadhani nisingeweza.

Mjukuu wa Jinja, usihesabu ulipokosea.

Niwape la mwisho. Hizi ni siku za wahenga wetu, Pitru Paksha, wiki mbili za mwezi kufifia kabla ya Navratri, sikukuu yetu ya siku tisa. Chakula cha marehemu kinapewa kunguru kwanza, maana tunaamini wahenga huja kwa umbo lake, ndipo watu wale. Hapa Dar kunguru hawapendwi, wanategewa, wanaitwa waharibifu. Nao pia asili yao ni India, waliletwa Zanzibar miaka ya 1890. Jana nilipika wali wa maziwa na iliki aliopenda Baba, nikauweka kwenye jani la mgomba juu ya ukuta wa kibaraza. Tulisimama ndani, Mama ameshika mkono wa mwanangu. Kunguru mmoja akatua, akatazama huku na huku, akarukaruka kando. Mama akanong'ona kwa Kigujarati, "Anasubiri upoe. Alikuwa hali chakula cha moto."

Tukasubiri. Akala.