Nahamia Makete: 504, Land Rover Series III au Beetle, lipi litaimudu baridi?

Mhamaji
Wakuu, mwezi wa sita nahamia Makete kikazi na nataka gari la zamani la kabureta. Nimeonyeshwa matatu: Peugeot 504, Land Rover Series III na Volkswagen Beetle. Lipi litawaka asubuhi bila kunitoa jasho?

FundiNjombe
Karibu nyanda za juu, kaka. Ila maelezo hayatoshi. 504 ni petroli au dizeli? Beetle ni volti 6 au 12? Litalala ndani au uwanjani? Dizeli ikiwa hita plagi (zinazopasha joto silinda kabla ya kuwasha) zimekufa, asubuhi ya Julai utamaliza betri bure. Na betri yenyewe huishiwa nguvu kwenye baridi, saa ileile oili imekuwa nzito kama asali na stata inahitaji nguvu zaidi.

Babu504
504, usiulize mara mbili. Ilishinda Safari Rally 1975, ikarudia 1978. Vuta choki ili injini baridi ipate petroli zaidi, piga stata, imeshika.

ChumaChaKale
Shikamoo babu, lakini ralli ile ilikuwa ya Pasaka, matope na vumbi. Jalidi ya Kitulo, hukohuko Makete, ni habari nyingine. Na ya 1978 ilikuwa Coupé ya V6, siyo hii ya silinda nne. Land Rover betri ikifa unachomeka hendeli mbele, unazungusha kwa mkono.

MwalimuWaUkinga
Mhamaji, kabla hujalipa, fungua ukaangalie kama themostati ipo, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto. 504 yangu niliinunua Dar. Fundi wa kule aliitoa themostati ili injini isichemshe, na kwa joto la Dar sikuona tatizo. Nilipofika huku mshale wa joto haukupanda hata baada ya saa nzima barabarani. Choki ikisukumwa ndani gari linakohoa na kuzima, kwa hiyo nikawa natembea nayo nusu imevutwa. Petroli ilikwisha kama maji. Siku moja nikachomoa kijiti cha oili: kipimo kimepanda juu ya alama, na kinanuka petroli. Chini ya kifuniko cha oili kulikuwa na utando mweupe mzito kama maziwa mgando. Petroli isiyoungua ilikuwa inashuka pembeni mwa pistoni, inaosha oili kwenye silinda. Baada ya miezi mitatu ringi za pistoni zikawa zimekwisha na gari linatoa moshi wa bluu. Kifaa kilichoniponza kinaenea kiganjani. Niliumia sana, gari lile nililipenda.

Babu504
Pole sana mwalimu. Themostati haitolewi, hata Dar.

FundiNjombe
Nakazia. Na oili: 20W-50 ya Dar iache Dar, huku weka 15W-40 au 10W-40. Namba ya kwanza ikiwa ndogo, oili ni nyepesi zaidi kwenye baridi.

ChumaChaKale
10W-40 kwenye injini kuukuu itavuja kila sili. Mimi na 20W-50 siachani, naiacha injini iungurume dakika kumi kwanza.

FundiNjombe
Dakika kumi na choki nje ndiyo njia ya mwalimu hiyohiyo. Ikishika na presha ya oili ikapanda, ondoka taratibu, itapata joto njiani. Tena huku juu hewa ni nyepesi, kabureta iliyosetiwa pwani tayari inazidisha petroli.

KombiNyekundu
Mbona Beetle mnairuka? Haina rejeta, hakuna maji ya kuganda. Kagua tu kile kibomba chembamba kinachopitisha moto wa ekzosi chini ya kabureta. Kikiziba kwa masizi, asubuhi ya ukungu manifodi (bomba la kupeleka hewa na petroli kwenye injini) inaota barafu kwa nje na injini inakosa pumzi mlimani. Yangu niliigusa kidole kikanata.

Mhamaji
Asanteni. 504 ni petroli, Beetle sikuuliza volti. Nyumba haina gereji. Jumamosi narudi kuangalia themostati.

KombiNyekundu
Nenda alfajiri, injini ikiwa baridi. Muuzaji akiwa ameshaiwasha kabla hujafika, rudi siku nyingine.

Babu504
Mwalimu, ile 504 bado unayo? Body ikoje?

MwalimuWaUkinga
Ipo chini ya mti, babu. Siiuzi. Natafuta ringi.